Mvua ya Kushoto

Siku mchoraji aliporudi, Kitinda alikuwa na udongo mpaka viwikoni, na kichwani amejifunga kitambaa ambacho hata mbwa asingekubali kukilalia. Miezi saba alikuwa akiipanga siku hiyo moyoni. Katika mipango yake yote amevaa gauni la kijani, ameketi ametulia, na anayekosa la kusema ni mwenzake. Sasa mlango wa uani umefunguliwa mchana kweupe, naye amepiga magoti mbele ya rundo la udongo akilikanda kama ana ugomvi nalo.

Aliona viatu kwanza. Vilikuwa vilevile, kimoja kamba nyeusi, kingine kamba ya kahawia. Moyo wake ukaruka kama zamani na viganja vikasahau vilichokuwa vikifanya.

"Hodi," akasema mchoraji.

Aliyejibu ni Mama, aliyekuwa kwenye kigoda chake kando ya rafu akisugua shingo ya mtungi kwa kokoto. Wala hakujibu karibu.

"Umesahau kitu?"

"Hapana, mama. Nimeleta kitu. Nikikukabidhi nitaondoka."

"Kiweke hapo juu ya gunia. Uende salama."

Mama huyu hakuwa mtu wa kufukuza watu. Wachuuzi waliopotea njia walipata kwake maji na mahali pa kukaa. Paka wa mtaa mzima walimjua. Kwa hiyo ukimwona anamnyima kiti kijana mwenye adabu zake, ujue pana jambo, na jambo lenyewe lilikuwa hivi.

Mama alikuwa mfinyanzi tangu utoto wake, kazi aliyofundishwa na bibi mmoja mkali aliyempiga vidole kila nakshi ilipopinda. Nakshi hizo zilikuwa na majina: nyayo za kanga, meno ya jirani, njia ya siafu, kope, mvua ya upande. Aliziweka kwenye vyungu na mitungi kwa kijiti na kwa ukucha wa kidole gumba, na kwa miaka mingi watu walivuka mitaa mitatu kuja kuvitafuta. Halafu akaja mgeni mmoja na kamera, mchangamfu, akapiga picha kila pembe ya karakana na kuaga kwa tabasamu. Mwaka uliofuata nyayo za kanga zilikuwa kwenye ndoo za plastiki, zimegongwa na mashine, elfu kwa elfu, zote sawasawa. Mama alinunua ndoo moja, akaiweka mbele yake, akaitazama asubuhi nzima. Kisha akasema, "Wamechukua sura, wameacha mikono." Tangu siku hiyo hakuruhusu picha.

Wateja walipungua. Baridi yabisi ikaingia kwenye vidole vyake, vikavimba kama tangawizi. Katika watoto wake wawili, yule mkubwa wa kiume alifuata nyaya za umeme. Aliyebaki kwenye udongo ni huyu wa mwisho, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda, na mtaa nao ukafuata. Mama alikuwa akimwambia, bila huzuni kubwa, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Nilikuwa wa mwisho, sasa wewe ndiye wa mwisho. Ukipata mume asiyependa matope, basi, tumefunga."

Mchoraji aliingia maishani mwao kwa ajili ya mtungi mmoja. Kazi yake ilikuwa kuchora vibonzo kwenye kompyuta, vile vinavyosogea, na alihitaji mtungi wa kutazama anapochora. Kesho yake alirudi kutafuta kifuniko. Keshokutwa alirudi bila sababu, akageuza ndoo chini juu, akaikalia, akauliza majina ya nakshi. Mama akamtajia. Yeye akayarudia polepole, moja moja, kama mtu anayeonja. Kitinda alikuwa akimtazama kutoka upande wa pili wa rafu. Wanaume wengi aliowajua husikiliza kama wanaongoja zamu yao ya kusema. Huyu alisikiliza kana kwamba zamu yake haipo, na hana haja nayo. Alipoinua macho akamkuta Kitinda anamtazama, hakuyakwepesha. Kitinda ndiye aliyeinama, akajifanya anatafuta kijiti kilichokuwa mkononi mwake mwenyewe.

Siku moja akamwuliza, nakshi hizi zikiweza kutembea zingekwenda wapi? Kitinda akacheka, akasema kanga angetoroka kwanza. Basi mchoraji akasema angependa kuzichora zinatembea, lakini kwanza Mama aombwe ruhusa. "Nitamwuliza," Kitinda akasema. Hakumwuliza. Kila alipofungua mdomo aliikumbuka ile ndoo ya plastiki. Siku ya nne, kwa kupenda, kwa kiburi cha kazi yao, na kwa kuchoka kuwa wa mwisho, akamwambia mchoraji, "Mama amekubali."

Kibonzo kilikuwa cha dakika tatu. Kanga anatoka shingoni mwa mtungi akiacha nyayo, anafuata njia ya siafu, mvua ya upande inaanza, naye anajibanza chini ya kope za chungu kikubwa mpaka inakatika. Basi. Lakini watu walikipenda, wakatumiana, na ndani ya wiki moja kikamfikia kaka yake Kitinda kwenye simu ya mfanyakazi mwenzake, naye akakileta nyumbani akidhani amebeba habari njema.

Mama alikitazama mpaka mwisho. Akaomba kirudiwe. Kisha akaagiza mchoraji aitwe, na alipofika akamwuliza nani alimpa ruhusa.

Mchoraji aligeuka, akamtazama Kitinda. Mara moja tu. Katika mtazamo huo alielewa kila kitu, na baada ya kuelewa akangoja. Kitinda aliuona ule ungojaji. Akainamisha macho, akatazama sakafu.

"Nisamehe, mama," mchoraji akasema. "Kosa ni langu."

Siku hiyohiyo akakiondoa kibonzo mtandaoni. Baadaye alituma ujumbe mara mbili. Wa kwanza ulisema: Sikuumia kwa kufukuzwa. Wa pili: Niliumia kwa kukungoja. Kitinda hakujibu hata mmoja, kwa kuwa hakuwa na jibu lisiloanza na jina la Mama. Kaka mtu akafurahi. Alisema mwanamume anayechora vitu visivyoshikika atamlisha mke nini, picha? Akaanza kumsifia rafiki yake mwenye duka la vifaa vya umeme, mtu ambaye sifa zake zote zilikuwa ndani ya duka hilo.

Ndivyo miezi saba ilivyopita. Na sasa mchoraji amesimama uani, ameweka tableti yake juu ya gunia kama alivyoamriwa, amekwisha kugeuka.

Kitinda akainuka. Magoti yalikuwa na udongo.

"Mama," akasema. "Huyu hakukosa. Mimi ndiye niliyemwambia umekubali."

Kokoto likasugua mara mbili zaidi, kisha likasimama.

"Sema tena."

"Aliniambia nikuombe ruhusa kwanza. Sikukuomba. Nikamdanganya kwamba umekubali. Siku ile alibeba lawama yangu, na mimi nikamwacha aibebe."

Mama hakupandisha sauti. Laiti angepandisha.

"Miezi saba," akasema. "Miezi saba unakula na mimi. Kila asubuhi unanikanda vidole hivi kwa maji ya moto, unaniuliza nimelalaje."

"Ndiyo, mama."

Mama akainuka, akauweka mtungi kwenye rafu kwa uangalifu, maana hasira ni hasira na mtungi ni mtungi, akaingia ndani na kufunga mlango. Aliufunga taratibu. Kitinda aliona afadhali angeubamiza.

Walibaki wawili uani, na kati yao rundo la udongo. Kwa jirani fundi wa kuchomelea alikuwa akikata bomba. Kelele zilipokoma, mchoraji akasema, "Ungeweza kusema siku ile."

"Ningeweza."

"Mbona leo?"

"Kwa sababu umesema ukikabidhi utaondoka."

Akamtazama. Kitinda alikuwa ameyasahau macho yale yalivyo, au alijidanganya kwamba ameyasahau. Yalikuwa yamechoka kidogo pembeni. Hayakuwa na kisasi. Hilo lilimwumiza kuliko kisasi.

"Sikuja kukudai neno," mchoraji akasema. "Nimekuja kwa sababu ya hawa." Akaichukua tableti, akaifuta vumbi la gunia kwa shati, akampa. "Usihofu matope. Shika tu."

Alimweleza huku Kitinda akitazama. Kibonzo alikiondoa, lakini kilikuwa kimekwisha kutoka mikononi mwake. Watu walikuwa wamekihifadhi, wakaendelea kutumiana. Kisha wakaanza kumtafuta aliyekichora. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa chekechea aliyeuliza: hii si ile alama ya chungu cha bibi yangu? Akatuma picha. Akaja mwingine na picha, na mwingine.

Kitinda alikuwa akisogeza kwa kidole, na kila picha aliipaka tope. Mitungi na vyungu sitini na kimoja, vimepigwa picha sebuleni, jikoni, chini ya vitanda. Kimoja kimepandwa maua. Kimoja kinahifadhi miavuli mlangoni mwa ofisi. Kimoja kimevunjika, kimefungwa kwa waya, na chini yake mtu ameandika kwamba bibi alikataza kisitupwe ingawa hakusema kwa nini. Kimoja kimelazwa ubavu, na mdomoni mwake ametoa kichwa kuku anayeatamia, anamtazama mpiga picha kwa dharau kubwa.

"Huyu hataki kuhojiwa," Kitinda akasema, na hapo ndipo alipogundua kwamba analia.

Watu walikuwa wameandika majina pia. Kwao meno ya jirani huitwa msumeno. Kwao njia ya siafu huitwa mshono. Mwanamume mmoja, fundi wa matofali, aliandika kwamba shangazi yake alimfundisha kufinyanga, na kwa miaka ishirini amewaficha rafiki zake kwa kuona aibu, lakini baada ya kumwona yule kanga ametoa kijiti chake kabatini. Na wasichana, wengi wa miaka kumi na saba, kumi na tisa, ishirini na mbili. Wote waliuliza swali moja: tunaweza kujifunza wapi?

"Uliwajibu?"

"Wote."

"Umewajibu nini?"

"Kwamba sijui, lakini nitauliza kwa adabu." Akatabasamu kidogo. "Nilichelewa kuuliza. Na hizi picha sijaziweka popote. Si zangu."

Kitinda akazitazama upya zile picha. Kumbe muda wote ule alipokuwa akimwazia mwenzake ameketi na hasira zake, au na mwanamke mwingine, yeye alikuwa akitoka kazini kila jioni na kukaa kujibu watu asiowajua kuhusu vyungu vya bibi zao.

"Upo ujumbe mmoja hujaufikia," mchoraji akasema. "Nenda chini kabisa. Huo ndio ulionileta leo."

Ulikuwa umeandikwa na muuguzi mmoja kutoka mbali, kwa niaba ya bibi yake. Alisema alimwonyesha bibi kibonzo wakati wanangoja dawa, na bibi akamshika mkono asikizime. Maneno yaliyofuata alisema ni ya bibi mwenyewe, kama alivyoyatamka: Kila mfinyanzi huinamisha mvua ya upande kulia. Hii inanyesha kushoto. Namjua mmoja tu aliyeinyesha kushoto, kwa kuwa ana mashoto, na alipigwa sana kwa ajili hiyo lakini hakubadilika. Je, yu hai?

Kitinda akasoma mara mbili. Akageuka kutazama mlango uliofungwa.

"Nilizungumza nao," mchoraji akasema. "Bibi atapiga simu ya video leo saa kumi. Nilimwambia sina hakika kama nitafunguliwa mlango. Akasema atapiga hivyohivyo."

Ilikuwa saa kumi kasorobo, na kama ilivyo desturi ya mambo, hapo ndipo kaka mtu alipoingia, bunda la nyaya begani. Alimwona mchoraji, akaliteremsha bunda polepole kama mtu anayetafuta nafasi ya mikono.

"Huyu amefuata nini hapa?"

Kitinda akamweleza. Kukiri mara ya pili kulikuwa rahisi zaidi, ingawa uso uliwaka. Kaka akasikiliza mpaka mwisho, akajikuna shingo.

"Kwa hiyo nimemchukia mtu bure miezi saba," akasema. "Unajua kuchukia ni kazi? Mimi nina kazi zangu." Akamtazama mchoraji toka kichwani hadi kwenye zile kamba za viatu. "Lakini bado unachora vitu visivyoshikika."

"Ni kweli, kaka," mchoraji akasema.

"Basi. Mradi tunaelewana."

Tableti ikaita. Wote watatu waliruka. Mchoraji akaitegemeza kwenye mtungi, akabonyeza, na kioo kizima kikajaa paji la uso na jicho moja.

"Bibi, rudi nyuma kidogo," sauti ya msichana ikasema huko.

Jicho likarudi nyuma, likawa uso wa mwanamke mzee, mnene, mwenye miwani, anayewatazama kama anayehesabu kuku. Mchoraji akamsalimia shikamoo, akajitambulisha, akamtambulisha Kitinda na kaka yake. Bibi akaitikia marahaba harakaharaka. Hakuja kwa ajili yao.

"Tope yuko wapi?"

Kitinda na kaka yake wakatazamana. Hawakumjua mtu wa jina hilo.

"Mwiteni Tope," bibi akasema, na safari hii akapaza sauti, kama mtu aliyezoea kuita kuvuka uwanja. "Tope. Wewe Tope. Toka huko, udongo unakauka."

Mlango ukafunguliwa. Mama alikuwa amesimama kizingitini, mkono mmoja kwenye mwimo. Hakuna mtu ndani ya nyumba ile, wala mume wake marehemu, aliyewahi kuona uso wake ukiwa hivyo. Ulikuwa uso wa msichana wa miaka kumi na mitatu.

"Nani ameniita?"

"Ni nani mwingine aliyethubutu kukuita hivyo na akabaki na meno yake?"

Mama akasogea hatua moja. "Kijiti," akasema.

"Kijiti amenenepa. Lakini ndimi."

Mama hakufika kwenye kigoda. Alikaa palepale chini, akasogea kwa magoti mpaka mbele ya tableti, akakigusa kioo kwa kidole chake kilichovimba.

"Nilijua nimebaki peke yangu," akasema.

"Na mimi nilijua hivyohivyo. Miaka hamsini na mmoja. Wajinga wawili, kila mmoja na kilio chake."

Waliyozungumza baada ya hapo yalikuwa mengi, na mengine hayakueleweka na mtu ila wao. Walikuwa wanafunzi wa bibi yule mkali, wawili tu, wakilala mkeka mmoja, mpaka wazazi wa Kijiti walipohama bila kuacha anwani. Walikumbushana mtungi mkubwa walioupasua wakasema ni mbuzi, na mbuzi akafungwa kamba wiki nzima kwa kosa lao. Mama alicheka mpaka akajishika ubavu. Kitinda alikuwa hajausikia mcheko huo tangu kibonzo, na akasimama pale akiunywa kama maji. Kijiti akasema mikono yake sasa inatetemeka, hafinyangi tena, lakini siri zote za kuchoma anazo, moto wa kwanza na wa pili, kuni zipi na kwa muda gani. Alikuwa anaogopa kufa nazo. Mama akamwinulia vidole vyake mbele ya kioo, amwonyeshe.

"Ile mvua kwenye kibonzo," Kijiti akauliza, "ni mkono wako?"

"Sio wangu. Ule mtungi alionunua huyu kijana, nakshi zake alizitia binti yangu. Huyu hapa."

"Kumbe naye ana mashoto?"

Mama akageuka kumtazama Kitinda. Alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia kile kitambaa kibovu kichwani mpaka mikono. Ni kana kwamba swali hilo hakuwahi kujiuliza.

"Hapana," akasema. "Yeye ana mkono wa kulia."

"Na mvua yake inanyesha kushoto."

"Ndiyo."

"Basi alikutazama wewe sana," Kijiti akasema. "Mshukuru Mungu, Tope. Mimi wangu wote walikuwa wananitazama huku wamefungasha."

Simu ilipokwisha, kwa ahadi ya kesho na kesho yake, Mama alibaki chini akiwa amepakata tableti. Kaka mtu akaenda kukagua swichi isiyokuwa na tatizo lolote. Mama akamwita binti yake, akamwambia akae. Wakakaa wote chini, goti kwa goti.

"Ulinidanganya."

"Ndiyo, mama."

"Sijamaliza kukasirika. Nitakasirika mpaka keshokutwa, huenda na Jumapili."

"Ndiyo, mama."

Mama akamshika mkono wa kulia, akaugeuza, akaufuta tope kwa upindo wa kanga yake, kidole kwa kidole, kama alivyokuwa akimfanyia alipokuwa mtoto. "Nilisema wamechukua sura wakaacha mikono," akasema. "Kumbe mtu aliuona mkono wangu ndani ya hilo dude, toka huko aliko. Mimi nilikuwa sijui hata kwamba umo ndani yako." Akaufumba mkono ule ndani ya wake. "Asante. Hilo ni kando na hasira."

Kisha akamgeukia mchoraji, aliyekuwa amejisogeza mbali kwa heshima mpaka karibu aingie ukutani.

"Na wewe. Nani alikufundisha kubeba kosa la mtu mwingine mbele ya mtu mzima?"

"Niliona ni zito kwake, mama."

"Safari nyingine njoo uniulize mwenyewe. Mdomo unao, nimeusikia." Akamrudishia tableti. "Mrudishe yule kanga wako. Ila mwanzoni liandikwe jina la bibi aliyetufundisha, halafu la Kijiti, halafu letu. Na onyesha mikono. Hao wasichana wanaouliza, waambie tutaanza wiki ijayo. Mimi nitasema, huyu atafinyanga, Kijiti atatukosoa. Hajawahi kushindwa kukosoa."

Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye paa la fundi wa kuchomelea Kitinda alipomsindikiza mchoraji mlangoni. Walitembea hatua kumi kana kwamba ni safari. Penye mlango Kitinda akasimama.

"Nilikunyamazia," akasema. "Nimejifunza uchungu wake. Sitakunyamazia tena, hata kwa mema."

Mchoraji alichezea kitasa. "Nilijaribu kukuchukia," akasema. "Nilikuwa nikianza vizuri. Halafu unaingia ujumbe mpya, yule kuku kwa mfano, na kabla sijafikiri ninakutafuta nikuonyeshe. Kila siku. Mtu hawezi kuchukia namna hiyo."

"Asante."

"Ya nini?"

"Ya kuwajibu. Wote sitini na mmoja." Safari hii hakutazama sakafu. "Nilidhani nimeolewa na udongo unaokufa. Umeniletea ukoo mzima."

Mchoraji akamshika mkono. Udongo uliobaki kwenye viganja vya Kitinda ulikuwa umeanza kukauka, na vidole vyao vikashikana zaidi kuliko walivyokusudia. Hakuna aliyeharakisha kuvitenganisha.

"Kitinda." Ilikuwa sauti ya Mama, kutoka dirishani, haina haraka. "Muulize huyo kijana wazee wake hupatikana siku gani."

Mchoraji, aliyejibu watu wote wale bila kukwama hata kwa mmoja, alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Kitinda akamkanyaga mguu.

"Siku yoyote, mama," mchoraji akasema.

"Siku yoyote si siku."

"Jumamosi."

"Jumamosi," Mama akarudia. "Sawa. Na Kijiti apigiwe simu, awepo. Ana usemi hapa."

Kutoka jikoni, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza, kaka mtu akasema yeye ataleta taa nzuri, ili bibi huko aone kila kitu.